Daraja Libebwalo na Watu

Mafuriko yakichukua daraja, wagonjwa hukosa njia ya hospitali na mazao huoza ng'ambo, na daraja la zege halijengwi kwa siku chache. Hapo ndipo mafundi wa jeshi huleta daraja la Bailey, kama ilivyofanyika hata Kenya. Jina hilo ni la Mwingereza Donald Bailey, aliyelibuni. Lilijaribiwa mwaka 1941, nalo likavusha majeshi huko Italia, ambako Wajerumani walikuwa wakivunja madaraja waliporudi nyuma.

Daraja hilo ni fremu za chuma zilizounganishwa kwa pini nene. Kila fremu ina urefu wa futi 10 na uzito wa ratili 570 hivi, mzigo wa watu sita, winchi haihitajiwi.

Ajabu iko katika kulivusha. Mafundi hulijenga ukingoni juu ya magurudumu ya chuma, kisha hulisukuma polepole, likitanguliwa na pua nyepesi isiyo na sakafu. Sehemu iliyo nchi kavu sharti izidi kwa uzito ile inayoning'inia, la sivyo lote litapinduka mtoni. Pua ikifika ng'ambo huondolewa, daraja likashushwa kwa jeki, na sakafu ikatandikwa.

Ili libebe lori zito zaidi, fremu huongezwa ubavuni au juu. Kwa hiyo madaraja haya hayalingani nguvu, na dereva asidharau kibao cha uzito kilicho mbele yake. Daraja la kudumu likiisha kujengwa, pini huchomolewa, na fremu zile zile hupelekwa mto mwingine.