Vipodozi: Wapi ufungue pochi, wapi ubane

Nilipoacha chuo, kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuuza nguo kwenye stoli ya wenyewe katikati ya jiji la Nairobi. Mshahara wa kwanza ulipoingia kwa simu sikuwaza kodi ya nyumba. Nilishuka moja kwa moja hadi Dubois, pale maduka ya urembo yamebanana hadi orofa za juu, nikanunua fandesheni ya jina kubwa kwa Sh600. Ile ile, kwa duka lenye kioo na mlinzi mlangoni, nilikuwa nimeiona ikiuzwa zaidi ya Sh3,000. Nikajiona mjanja.

Siku ya tatu uso ulikuwa umejaa vipele, mashavu yanawasha kama nimemwagiwa upupu. Daktari na dawa vilikula Sh2,800. Fanya hesabu mwenyewe: ile fandesheni ya bei poa ilinitoka Sh3,400, na hata sikuimaliza.

Sasa usinielewe vibaya, sisemi ununue vitu ghali. Nusu ya vitu vilivyo kwa kibeti changu leo havijafika Sh300. Kuna vitu vya kulipia na kuna vya kubania, na wengi wetu tunavichanganya.

Anza na fandesheni. Hii inakaa usoni kutwa, kwa jua, kwa jasho la matatu, na inagusa ngozi yako yote. Pia lazima ifanane na wewe, la sivyo unatoka ukiwa na uso wa jivu na shingo ya mtu mwingine. Sisi wenye ngozi nyeusi tumeteseka sana hapo. Fenty Beauty ya Rihanna ilipozinduliwa 2017 na rangi 40 ndipo kampuni nyingi zilianza kutukumbuka, na ilifika Kenya rasmi mwaka wa 2022. Lakini hata kabla ya hapo, Suzie Wokabi alikuwa ameshaanzisha SuzieBeauty hapa hapa nyumbani, kwa hivyo usidhani kizuri ni lazima kivuke bahari.

Kabla ya kulipa, jaribu. Si kwa mkono, mkono haufanani na uso. Paka kidogo kwenye taya, kisha toka nje ya duka, maana zile taa zao zinadanganya. Zunguka mjini kama saa moja hivi. Fandesheni nyingine hubadilika rangi zikikaa usoni, na ndiyo sababu asubuhi unajiona fiti, mchana picha zinakuumbua. Angalia pia kama weusi wako unaelekea umanjano au wekundu. Muuzaji akikuharakisha, ondoka. Pesa ni zako.

Tuseme umeipata kwa Sh2,500 na unaipaka mara 100 kabla iishe. Hiyo ni Sh25 kwa siku, chini ya nauli. Ile ya Sh500 uliyopaka mara nne ukaitupa kwa droo imekula Sh125 kila siku uliyoivaa. Nani mwenye hasara?

Na feki utaijuaje? Bei ikiwa robo ya ile ya kawaida, jiulize. Soma kijikaratasi: maneno yameandikwa vibaya, tarehe haipo, namba ya bechi imekwaruzwa. Mimi yangu ilikuwa na yote matatu. Niliyaona nikiwa nimekaa kwa benchi ya daktari.

Maskara nayo ni hadithi tofauti kabisa. Ukishaifungua, ile brashi inaingiza vijidudu kila unapoichovya, kwa hivyo baada ya miezi mitatu hivi unafaa kuitupa. Ya Sh4,000 na ya Sh400 zinakufa siku moja. Nunua ya bei nafuu, ila dukani panapoaminika kwa sababu ni macho yako, na usimwazime mtu, hata kama ni dadako wa damu. Gundi ya kope bandia vivyo hivyo: usichukue ile isiyo na jina.

Midomo usijisumbue nayo. Penseli ya kahawia ya Sh50, glosi ya Sh150 juu yake, umemaliza. Nimewahi kuulizwa mara kadhaa ni lipstiki ya kampuni gani, nikanyamaza tu nikacheka. Wanja pia, na penseli ya nyusi. Brashi nunua moja nzuri ya fandesheni, uioshe na sabuni kila wiki, kwa sababu ukipaka vizuri kwa brashi chafu umejirudisha kwa vipele.

Kitu kinachotumaliza kweli ni zile paleti za rangi za macho. Mwaka juzi nilinunua moja ya Sh3,800 yenye rangi 18, kwa sababu msichana mmoja mtandaoni aliipaka akaonekana kama malkia. Nilitumia rangi mbili, zote za kahawia, ambazo ningezipata kwa Sh300. Zile za zambarau na kijani hazijaguswa hadi leo. Wiki jana binamu yangu aliniomba nimpe, ana sherehe ya shule. Nikageuza nyuma, ile picha ya kikopo kilicho wazi imeandikwa 12M, yaani miezi 12 tangu uifungue. Ilikuwa imeshapita zamani.