Mbona moyo hudunda ukisoma riwaya ya mahaba na hatari?

Ni saa sita za usiku. Ulijiambia utasoma sura moja tu kisha uzime taa, lakini sasa uko katika sura ya nne na usingizi umekuruka. Kitabuni, mwanamume mrefu mwenye kovu shavuni amesimama gizani ng'ambo ya barabara, akilitazama dirisha la msichana ambaye bado hajamwambia jina lake. Anajua saa anazotoka kazini. Anajua njia anayopita kwenda nyumbani. Mjini kuna muuaji, na wewe msomaji hujui kama muuaji ndiye huyu au ni mwingine. Viganja vinatoka jasho, moyo unadunda, na ajabu ni kwamba unafurahi.

Asubuhi, ukiwa ndani ya matatu, maswali yanaanza. Wewe ni mtu mzima mwenye watoto na mkopo wa chama. Mwanamume akisimama hivyo nje ya lango lako usiku, utapiga mayowe mpaka majirani watoke na rungu. Mbona basi huyu wa kitabuni unampenda? Je, una kasoro akilini?

Jibu fupi ni la. Jibu refu linahitaji tuutazame mwili kwanza, kisha moyo, halafu yale yanayotendeka katika nyumba zetu.

Ladha hii si ya jana wala juzi. Emily Brontë, Mwingereza, alichapisha Wuthering Heights mwaka wa 1847, na Heathcliff wa kitabu hicho anampenda Catherine kwa kupagawa hata akalifukua kaburi lake. Kampuni ya Mills & Boon ilianzishwa London mwaka wa 1908, na vitabu vyake vidogo vimeuzwa miaka mingi kando ya barabara za Nairobi, katika yale maduka ya vitabu vikuukuu yanayoitwa Inama kwa sababu mnunuzi sharti ainame. Hapa kwetu David Maillu alitoa After 4.30 mwaka wa 1974, na wazee wetu walilalamika kwamba vijana wataharibika. Waliosoma vitabu vya aina hiyo vikiwa vimefichwa ndani ya atlasi sasa ni akina nyanya na babu wenye heshima zao.

Mwili hautofautishi haraka

Unaposoma jambo la kutisha, sehemu ya ubongo inayohusika na hofu huamka kabla ya sehemu ya mbele, ile ya kufikiri na kupima mambo, kumaliza kazi yake. Tezi zilizo juu ya mafigo humwaga homoni ya adrenalini. Moyo hukimbia, pumzi huwa fupi, na damu huelekezwa kwenye misuli. Muda mfupi baadaye ile sehemu ya kufikiri inakukumbusha kwamba uko kitandani na mlango umefungwa kwa komeo. Hofu inapungua, lakini msisimko hauondoki mara moja. Unabaki mwilini kwa dakika kadhaa, na huo ndio mlango anaoutumia mwandishi.

Mtaalamu wa saikolojia Dolf Zillmann alianza kueleza jambo hili katika miaka ya 1970. Alisema kwamba msisimko uliotokana na jambo moja huhamia kwa jambo linalofuata, na kulifanya lionekane kali zaidi. Kwa hivyo mwandishi stadi hutanguliza risasi, kisha busu. Moyo uliokuwa ukidunda kwa hofu unaendelea kudunda, na wewe unadhani ni busu peke yake linalokufanya hivyo.

Kuna jaribio maarufu lililochapishwa mwaka wa 1974 na Donald Dutton na Arthur Aron. Huko Kanada, msichana mrembo aliwasubiri wanaume waliovuka daraja la kamba la Capilano, linaloning'inia na kuyumba yapata mita 70 juu ya mto. Aliwauliza maswali machache akawapa nambari yake ya simu. Wengine waliulizwa vivyo hivyo kwenye daraja imara lililo chini. Kati ya 18 waliochukua nambari kwenye daraja la kuyumba, 9 walipiga simu. Kwenye daraja imara walichukua 16, na waliopiga ni 2. Watafiti waliona kwamba wale wa kwanza walichukua mtetemo wa magoti kuwa mapenzi. Ni jaribio dogo, na wengine wamelijadili sana tangu hapo, lakini kila aliyewahi kwenda sinema ya kutisha na mchumba anajua lina ukweli.

Kutakwa kuliko kila kitu

Tukiacha mwili, kuna haja nyingine ambayo wengi huona haya kuitaja. Fikiria mama anayeamka saa kumi na moja alfajiri, awaandae watoto, apigane na foleni ya magari mpaka kazini, arudi jioni apike, aoshe, aulizwe soksi ziko wapi. Siku nzima hakuna aliyemuuliza kama yeye amekula. Usiku anafungua kitabu ambamo mwanamume mwenye mali na nguvu hana jambo jingine kichwani ila mwanamke mmoja. Anakumbuka alivaa nini siku ya kwanza. Yuko tayari kupigwa risasi kwa ajili yake. Sioni ni ajabu gani mama huyu akitabasamu.

Mtafiti Mmarekani Janice Radway alizungumza na wanawake wasomaji wa riwaya za mahaba, akaandika kitabu mwaka wa 1984. Walimweleza kwamba kusoma ni wakati wao wenyewe, ambapo hakuna anayewadai kitu. La pili ni muhimu zaidi kwa mada yetu: hawakumpenda shujaa mkatili kupita kiasi. Walitaka mwanamume mkali ambaye ndani yake ana upole, na upole huo udhihirike kabla ya kitabu kwisha.

Tena msomaji ana mamlaka ambayo mwenye kupendwa hivyo kwa kweli hana. Anaweza kufunga kitabu. Anaweza kuruka kurasa aone mwisho. Na katika riwaya za aina hii mwisho unajulikana kwa desturi: wapenzi wataoana au watabaki pamoja, na mwovu atakamatwa.

Faida zake zipo. Mwaka wa 2016 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya kundi dogo la wanawake waliopungukiwa na hamu ya tendo la ndoa. Baadhi walipewa kitabu cha ushauri na wengine hadithi za mahaba motomoto. Pande zote mbili zilipata nafuu, na hadithi hazikushindwa na ushauri. Bwana uliyekuta kitabu chini ya mto wa mkeo, usinune. Huyo mwanamume wa kwenye jalada hawezi kukunyang'anya chochote, na pengine ukiomba usomewe ukurasa mmoja utajifunza jambo.

Lipo jambo moja ambalo mashujaa hawa hawalifanyi vizuri hata kidogo. Wana bastola, ndege na nyumba tatu, lakini ni wachache sana wenye kondomu mfukoni. Utafiti wa Diekman na wenzake wa mwaka wa 2000 ulionyesha kwamba wanafunzi wa kike waliosoma sana riwaya za mahaba walikuwa na mtazamo hafifu zaidi kuhusu kondomu. Walipopewa hadithi ambamo wapenzi walitumia kinga, mtazamo uliboreka. Katika nchi iliyozika watu wengi hivi kwa UKIMWI, pengo hilo msomaji lazima alijaze mwenyewe.

Hakuna mwandishi maishani

Sasa tuje kwenye jambo lenye uzito. Katika riwaya ya mahaba yenye hatari, aghalabu wanaume wawili humwandama mwanamke mmoja. Wote wawili wanajua anapoishi. Wote wawili wanatazama dirisha lake. Wote wawili wanasema hawawezi kuishi bila yeye. Mmoja ni muuaji na mwingine ni mchumba, lakini ukiorodhesha vitendo vyao utaona vinafanana sana. Kinachowatofautisha ni mwandishi, ambaye amekuingiza ndani ya kichwa cha shujaa na kukuhakikishia kwamba nia yake ni njema. Kitandani unajua kwamba hatamdhuru.

Katika mtaa wako hakuna anayekuonyesha yaliyomo kichwani mwa mtu. Unaviona vitendo tu, na kwa hivyo vitendo ndivyo vya kupimwa. Mwanamume anayedai neno la siri la simu yako, anayefika kazini kwako bila kualikwa, anayechagua nguo utakazovaa, anayekukosanisha na dada zako, au anayetishia kujiua ukimwacha, hajakupenda kupita wengine. Anakutawala. Sheria ya Kenya ya mwaka wa 2015 ya kuwakinga watu dhidi ya dhuluma za nyumbani inahesabu kumwandama mtu kuwa dhuluma, na mahakama inaweza kutoa amri ya kumzuia mwandamaji. Si lazima awe amekupiga kwanza.

Je, vitabu na filamu vinaweza kutupofusha? Mtafiti Julia Lippman aliwaonyesha wanawake filamu mbalimbali. Waliotazama filamu ambamo mwanamume king'ang'anizi anaonyeshwa kuwa mtu wa kupendeza walielekea kukubali zaidi dhana potovu, kwa mfano kwamba anayekuandama anakupenda kweli. Waliotazama filamu ambamo mwandamaji anatisha walielekea upande wa pili. Utafiti mwingine wa mwaka wa 2014, wa Amy Bonomi na wenzake, uliwahusu wasichana wa Marekani wa umri wa miaka 18 hadi 24. Waliosoma Fifty Shades of Grey walipatikana zaidi kuwa na uzoefu wa wapenzi wenye tabia za kuandama. Hapo sharti tuwe waangalifu: utafiti huo hausemi kitabu kilileta mpenzi huyo. Huenda msichana aliyekuwa na mpenzi wa namna hiyo ndiye aliyevutwa na kitabu.

Maoni yangu ni kwamba anayesoma vitabu hivi akiwa na maisha mengine, marafiki na ndugu wa kumwambia ukweli, hana la kuogopa. Wasiwasi ni kwa msichana wa miaka 15 ambaye hajawahi kupendwa na mtu yeyote, na kitabu ndicho mwalimu wake wa pekee. Mzazi, usikichome kitabu. Kisome wewe pia, kisha umuulize mbele ya ugali: huyu kijana angekuwa ni wa ploti yetu, ungefanyaje? Utashangaa jinsi watoto wanavyojua kuhukumu wakiulizwa kwa upole.

Tarehe 27 Januari 2024 wanawake waliandamana Nairobi na miji mingine baada ya mfululizo wa mauaji ya wanawake. Wakati wa hatari zaidi mara nyingi ni ule mwanamke anapoamua kuondoka. Kama uko katika hali hiyo, mwambie mtu unayemwamini kabla ya kumwambia yule unayemwacha, weka kitambulisho na nauli mahali utakapovipata haraka, na upige 1195, nambari ya msaada isiyotozwa malipo, au 999 kwa polisi.

Na kwa wewe ambaye shida yako ni usingizi tu: mtu mzima anahitaji saa saba hivi, na mwanga wa simu huchelewesha usingizi kuliko kitabu cha karatasi. Usijiahidi kuacha mwisho wa sura. Hapo ndipo mwandishi huweka mtego, mlango unapogongwa au taa inapozimika. Acha katikati ya sura, wapenzi wakiwa bado wanakunywa chai.