Pikapu kuukuu na kikopo cha mafuta ya breki

Wiki hii nimeona tuzungumzie jambo ambalo wengine wataliona dogo, nalo ni mafuta na maji yanayozunguka ndani ya gari la zamani, pamoja na adha ya kulitafutia spea. Sababu ninayo. Mwaka 2019 nilikuwa nashuka mlima Kitonga nikitokea Ilula, nimepakia matenga ya nyanya ya mdogo wangu, naye yuko kando yangu. Kona ya tatu pedeli ya breki ikawa laini kama andazi. Kona iliyofuata ikagusa sakafu. Mbele yetu kulikuwa na lori la mafuta.

Nikarudisha gia ya pili, kisha ya kwanza, injini inalia, nikawa navuta breki ya mkono kidogo kidogo mpaka tukasimama pembeni. Tulikaa pale kama saa nzima bila kuzungumza. Nilipokanyaga tena, breki ilikuwa imerudi, ngumu kabisa, kana kwamba hapakutokea kitu. Mdogo wangu alisema ni mashetani ya Kitonga.

Fundi wangu wa Gerezani alipoyasikia hayo hakucheka. Alifungua kile kikopo cha mafuta ya breki kilicho chini ya boneti, akanionyesha: mafuta meusi kama chai ya rangi. Akaniuliza niliyabadilisha lini. Nikamwambia huwa naongeza. Akasema, mzee, kuongeza siyo kubadilisha.

Mafuta ya breki yana tabia ya kunywa unyevu wa hewani, na kwetu Dar es Salaam unyevu si haba. Yale ya DOT 3, yakiwa mapya, hayatakiwi kuchemka chini ya nyuzi 205 za Sentigredi. Yakishakunywa maji, kiwango hicho hushuka mpaka kwenye 140. Sasa mtu mwenye mzigo, anayeshuka Kitonga mguu ukiwa juu ya breki muda wote, huzipasha moto breki zake hata joto likafika kwenye mafuta yenyewe. Yakichemka hutoa mvuke. Mafuta hayabonyei, lakini mvuke hubonyea, na ndiyo maana mguu hufika sakafuni bila gurudumu kushikwa. Vikipoa, mvuke hurudi kuwa mafuta na breki hurudi. Hao ndio mashetani wetu.

Kwa hiyo mafuta hayo yabadilishwe yote kila baada ya miaka 2, gari litembee lisitembee. Kopo likishafunguliwa likakaa stoo miezi mingi, litupe. Na tafadhali, usimruhusu mtu akumiminie humo oili ya injini eti kwa kuwa ndiyo iliyopo. Mipira ya masta silinda huvimba, na hapo huna breki kabisa.

Pikapu yangu ni Toyota Hilux ya mwaka 1994, aina ya LN106, injini ya dizeli ya 3L. Oili yake naipima asubuhi kabla ya kuwasha, gari likiwa sehemu tambarare. Wengi huogopa wakiiona nyeusi. Oili ya dizeli huwa nyeusi siku chache tu baada ya kumwagwa, hilo lisikutishe. La kutisha ni ikigeuka rangi ya chai ya maziwa, maana maji yameingia. Mara nyingi ni gasketi ya silinda hedi, au hedi yenyewe imepasuka kwa joto.

Na joto hilo chanzo chake ni rejeta. Tunajaza maji ya kisima yenye chumvi, yanakula chuma na kuziba njia, halafu fundi anatoa thamostati akidai injini itapoa. Injini isiyofikia joto lake inakula dizeli bure, na rejeta iliyoziba inabaki imeziba. Weka kulanti iliyochanganywa na maji safi.

Difu ndiyo yatima wa gari, hakuna anayelikumbuka. Wale mnaokatiza maji ya Jangwani wakati wa masika, sikilizeni hapa. Difu likiwa la moto likazama ghafla kwenye maji baridi, hewa ya ndani husinyaa na kuvuta maji kupitia kwenye sili au kijibomba cha kupumulia. Kesho yake fungua nati ya kujazia, uchovye kidole. Ukikuta uji wa maziwa, mwaga siku hiyo hiyo.

Sasa spea. Kosa letu kubwa ni kwenda dukani na jina la gari. Mimi nilipotakiwa kununua gasketi ya hedi nilisema tu nataka ya Hilux ya dizeli. Muuzaji akanipa, nikalipa, nikashukuru. Kumbe ilikuwa ya injini ya 2L, ambayo tundu la pistoni lina milimita 92, wakati la 3L lina 96. Ukiifunga hiyo, ukingo wa gasketi unachungulia ndani ya silinda. Fundi aliigundua ikiwa bado mkononi, na muuzaji hakuipokea tena.

Tangu siku hiyo naenda na vitu viwili: spea mbovu yenyewe, na karatasi niliyonakili maandishi ya bamba lililo chini ya boneti. Hata bamba usiliamini peke yake, kwani pikapu nyingi za umri huu zimekwisha badilishiwa injini; soma namba iliyogongwa kwenye bloku. Tena, usiulize habari za Hilux tu. Injini hiyo hiyo ya 3L ilifungwa kwenye Hiace, zile tulizoziita vipanya, hivyo pistoni, ringi na beringi zake utazipata hata kwa muuzaji anayekuambia ya pikapu hana.

Sili, mipira ya breki na mikanda nanunua mipya, hata kama bei inauma. Mkanda wa taimingi ndio usiufanyie mzaha kabisa: kilomita 100,000 utoke, na ikiwa sili iliyo nyuma yake inauvujishia oili, utoke mapema zaidi, kwa sababu ukikatika, valvu hukutana na pistoni. Lakini giaboksi, ekseli au difu zima, mtumba wa Japani nauona bora kuliko kipya cha bandia kilichopakwa rangi ya kung'aa.

Hivi sasa boksi ya usukani inavuja. Jumamosi nitakwenda Gerezani na sili yangu ya zamani mfukoni, nimeifunga kwenye gazeti.