Nguvu ya Risasi Hupimwaje?

Barua moja iliyonifikia inauliza: kati ya risasi nzito ya polepole na nyepesi ya kasi, ipi humzuia mtu upesi? Nchini Marekani jibu limebadilika kila kipimo kilipobadilika.

Mwaka 1904 Kapteni Thompson na Meja LaGarde, daktari wa jeshi, walipiga risasi ng'ombe katika machinjio ya Chicago, na pia maiti zilizotundikwa, wakitazama zinavyoyumba. Walipendekeza bastola ya kipenyo kisichopungua inchi 0.45. Lakini ng'ombe walikuwa wachache, na kuyumba kwa maiti hakuonyeshi kama aliye hai angeacha kupigana.

Miaka ya 1970 ikaja hesabu ya kompyuta. Ilipima jinsi nyama inavyotanuka kwa kitambo risasi inapopita. Risasi nyepesi za kasi zikapata alama za juu. Kisha, Aprili 11, 1986, huko Miami, risasi ya namna hiyo ilipenya mkono wa jambazi, ikaingia kifuani na kukomea karibu na moyo. Jambazi aliendelea kupigana. Maofisa wawili wa FBI waliuawa siku hiyo.

Baada ya hapo FBI iligeukia gelatini, yaani kitu kama jeli ngumu. Risasi hupigwa humo, nyingine zikipitia kwanza nguo, mbao au kioo cha gari. Inatakiwa ipenye inchi 12 hadi 18, yaani sentimita 30 hadi 46 hivi. Pungufu ya hapo, huenda isifike kwenye moyo. Ikizidi, inaweza kutoka na kumwua mpita njia. Gelatini haina mfupa wala hofu, lakini jaribio laweza kurudiwa na mtu mwingine.

Mwaka 1992 Marshall na Sanow walitoa kitabu chenye asilimia za watu waliozuiwa kwa risasi moja. Asilimia hizo zilivutia wengi. Hata hivyo, waliopigwa risasi zaidi ya moja waliachwa nje ya hesabu, na humo ndimo walimokuwa wengi ambao risasi ya kwanza haikuwazuia!

Kwa maoni yangu, gelatini ndiyo kipimo cha kuaminika zaidi, mradi tusiidai zaidi ya kina. Hata moyo ukipasuka, ubongo huweza kubaki na hewa ya kumtosha mtu kupigana kwa sekunde 10 hadi 15. Kwa hiyo askari anayeahidiwa risasi ya kumwangusha adui papo hapo aulize kwanza: wamepima nini, na nani hakuhesabiwa? Uhai wake uko hapo.