Chama chako cha ushirika kinamwamini nani? Maana ya ulinzi wa "hakiki kwanza"

Msimu wa pamba ukifunguliwa, mkulima wa Itilima, Meatu au Bariadi hupeleka pamba yake kwenye kituo cha AMCOS. Inapimwa, anaandikiwa stakabadhi, kisha anasubiri malipo. Zamani yote hayo yalikaa kwenye daftari la karani. Siku hizi, katika vyama vingi, jina lako, kilo zako na namba ya simu au akaunti ya kupokelea fedha vinaingizwa kwenye simu janja au kompyuta.

Urahisi upo, lakini jiulize, msikilizaji: mtu akiingia kwenye mfumo huo leo usiku na kubadilisha namba yako ya malipo, nani atagundua kabla fedha hazijatoka?

Vyama na ofisi nyingi hulinda taarifa kama tunavyolinda boma. Tunazungusha ua wa miiba na kuweka lango moja, na aliyepita langoni huhesabiwa kuwa mwenyeji. Kwenye kompyuta lango hilo ni neno la siri. Ukishaliandika, unafungua kila kitu. Shida ni kwamba mwizi akilipata neno hilo, naye anakuwa mwenyeji. Anatembea ndani bila kuulizwa swali.

Mwaka 2010, mtafiti John Kindervag wa kampuni ya Forrester ya Marekani alipendekeza njia nyingine. Alisema mtu au kifaa kisiaminiwe kwa sababu tu kimo ndani ya ofisi. Kila anayetaka kufungua taarifa ahakikiwe kwanza: ni nani, anatumia kifaa gani, na anaruhusiwa kufanya nini. Mwezi Agosti 2020, taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilitoa mwongozo rasmi wa njia hiyo. Wazee wetu waliliona jambo hili mapema waliposema kikulacho ki nguoni mwako.

Mfano wa karibu ni Uganda. Mwezi Oktoba 2020, MTN Uganda, Airtel Uganda na benki ya Stanbic zilitangaza kwa pamoja kwamba kulikuwa na tukio katika mfumo wa kampuni nyingine inayowahudumia. Huduma za kuhamisha fedha kati ya benki na simu zikasimamishwa. Kampuni hizo zilisema salio la wateja halikuguswa. Hata hivyo funzo lilibaki: hatari inaweza kupitia kwa mshirika unayemwamini, na si lazima ivunje mlango wako mwenyewe.

Kwa AMCOS au SACCOS ya kijijini, njia hii haianzi na mashine za bei kubwa. Inaanza na utaratibu.

Kwanza, kila mtumishi awe na neno lake la siri. Neno moja likitumiwa na watu watatu, fedha zikipotea hakuna wa kuulizwa.

Pili, kila mtu afungue kinachomhusu tu. Karani wa mizani aingize kilo, lakini asiweze kubadilisha namba za malipo.

Tatu, neno la siri lisitoshe peke yake. Mfumo utume pia namba ya uthibitisho kwenye simu ya mhusika. Namba hiyo hatajiwi mtu yeyote, hata anayejiita fundi wa mfumo.

Nne, namba ya malipo ya mkulima isibadilishwe na mtu mmoja. Mmoja aombe, mwingine aidhinishe, na mkulima apigiwe kwenye namba yake ya zamani kuulizwa kama kweli ameomba.

Tano, mtumishi akiacha kazi, afungiwe mfumo siku hiyo hiyo.

Sita, mfumo uweke kumbukumbu ya nani alifanya nini na saa ngapi, na kamati iipitie. Mali bila daftari huisha bila habari.

Wapo watakaosema huku ni kumtukana mtumishi mwaminifu. Lakini fedha za chama hazitolewi benki kwa saini ya mtu mmoja, na hakuna mwenyekiti anayeona ametukanwa kwa hilo. Kuhakikiwa kunamlinda pia aliye mwaminifu: fedha zikipotea, kumbukumbu zitaonyesha kwamba si yeye.

Ugumu upo pia. Mtandao ukiwa dhaifu, namba ya uthibitisho huchelewa huku foleni ikiwa ndefu. Hapo ndipo watu huanza kupeana maneno ya siri "ili kazi iende". Chama kipange mapema: mtandao ukikatika, kilo ziandikwe kwenye karatasi na mkulima apewe stakabadhi, kisha ziingizwe baadaye. Mabadiliko ya namba za malipo yasubiri mtandao urudi.

Wewe mwanachama una haki ya kuuliza. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa zako azilinde, na inakupa haki ya kujua zinatumikaje. Kwenye mkutano mkuu, uliza maswali matatu: Nani anaweza kubadilisha namba yangu ya malipo? Nani anaidhinisha? Mtumishi aliyeondoka msimu uliopita amefungiwa?

Utaratibu huo utumie hata kwenye simu yako. Ukipata ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii", usitume hata kama jina unalifahamu. Mpigie mhusika kwenye namba uliyonayo tangu zamani. Namba ya tapeli iripoti TCRA kupitia 15040, na piga *106# kuhakiki laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA. Ukikuta laini usiyoijua, nenda kwa mtoa huduma wa mtandao huo ukaikatae.