Ubingwa wa Toronto haukuumaliza ubishi

Mnamo Julai 16, 2018, rais mstaafu wa Marekani, Barack Obama, alifika Kogelo, Kaunti ya Siaya, kufungua kituo cha vijana cha wakfu wa Sauti Kuu unaoongozwa na dadake, Auma Obama. Miongoni mwa mambo mapya mahali pale ni uwanja wa mpira wa vikapu uliojengwa na shirika la Giants of Africa, na mwanzilishi wa shirika hilo, Masai Ujiri, alikuwepo. Macho ya umma yalikuwa kwa Obama, wala hilo si la kustaajabiwa. Lakini mgeni yule mwingine, ambaye mamake ni Mkenya na babake Mnijeria, aliyezaliwa Uingereza na kulelewa Zaria, ndiye aliyekuwa rais wa Toronto Raptors, klabu ya pekee ya Kanada katika ligi kuu ya vikapu ya Marekani, NBA. Huo ulikuwa wakati wa mapumziko, msimu mmoja umekwisha na mwingine haujaanza, na ndio wakati ambapo klabu huajiri, huacha na kubadilishana wachezaji. Siku mbili baada ya sherehe ya Kogelo, jiji la Toronto liliamshwa na habari ambazo mashabiki wake wanazibishania mpaka leo.

Klabu ilikuwa imempeleka DeMar DeRozan, pamoja na kijana Jakob Poeltl na haki ya kuteua chipukizi mmoja, kwa San Antonio Spurs. Kwa upande wake ilipokea Kawhi Leonard na Danny Green. Yafaa nimkumbushe msomaji aliyezoea soka ya Ulaya kwamba katika ligi hii mchezaji aghalabu hauzwi kwa fedha. Hubadilishwa mtu kwa mtu, na idhini yake haiombwi, isipokuwa kwa wachache mno ambao mikataba yao ina kifungu cha kukataa. Huenda mtu akalala akiwa wa mji huu na kuamka akiwa wa mji mwingine ulio maelfu ya kilomita mbali, naye hakuulizwa neno.

Ili kuuelewa uchungu wa mashabiki hatuna budi kurudi nyuma kidogo. Raptors ilianza kucheza mwaka 1995, na kwa miaka mingi historia yake ilikuwa historia ya kuachwa. Tracy McGrady aliondoka mwaka 2000. Vince Carter, aliyewafanya vijana wengi wa Kanada waupende mchezo huu, aliondoka mwaka 2004. Chris Bosh naye akaenda Miami mwaka 2010. Shabiki wa Toronto alijifunza kutompenda mtu sana, maadam kila aliyempenda aliaga. Ilisemekana kwamba nyota wa Kimarekani hawezi kuivumilia baridi ile, wala kodi ya nchi ya kigeni, wala kucheza mahali ambapo runinga za kwao hazina haja napo.

DeRozan alikuwa kinyume cha hayo yote. Mzaliwa wa Compton, California, alichaguliwa na Raptors mwaka 2009 akiwa na umri wa miaka 19, akacheza hapo misimu tisa, akawa mfungaji bora katika historia ya klabu. Mwaka 2016, alipokuwa huru kwenda atakako, alitia saini mkataba mpya wa miaka mitano wa dola milioni 139 na kusema waziwazi kwamba yeye ni mtu wa Toronto. Mapema mwaka 2018 alithubutu kusema hadharani kwamba husumbuliwa na sonona, na wachezaji wengine wakapata ujasiri wa kusema yao. Mtu kama huyo mashabiki hawamhesabu katika mali ya klabu. Humhesabu katika jamaa zao.

Basi ubishi ukalipuka, na kambi zikawa mbili.

Kambi ya kwanza ilisema hivi: Huyu alibaki wakati wengine walikimbia, na malipo yake yakawa kutupwa. Ametolewa kwa ajili ya nani? Kwa ajili ya Leonard, ambaye msimu uliotangulia alicheza mechi tisa tu kwa sababu ya jeraha la paja, ambaye mkataba wake ulibakiza mwaka mmoja, na ambaye kila mtu alijua anatamani kurudi kwao kusini mwa California. Klabu imempa mwana wa nyumbani mkono wa kwaheri na kumkaribisha msafiri aliyekwisha kufunga mizigo yake. Nyota mwingine akiyaona hayo, kwa nini naye abaki Toronto?

Kambi ya pili haikumchukia DeRozan. Ilileta hesabu. Msimu wa 2017-18 Raptors walishinda mechi 59 na kuongoza Kanda ya Mashariki, kisha katika raundi ya pili ya mchujo wakatolewa na Cleveland ya LeBron James kwa mechi nne bila jibu. Mwaka 2017 walikuwa wametolewa na timu hiyo hiyo, raundi hiyo hiyo, kwa nne bila. Mwaka 2016 pia ni Cleveland iliyowatoa. Katika mchujo ule wa 2018, DeRozan aliwekwa benchi dakika za mwisho za mechi ya tatu na kutolewa uwanjani na waamuzi katika mechi ya nne. Kocha Dwane Casey alifutwa mwezi Mei, na mwezi Juni akatawazwa kocha bora wa ligi nzima. Kinaya hicho sina la kukiongezea. Sasa LeBron amehamia Los Angeles na njia ya Mashariki iko wazi. Je, waingie tena kwa kikosi kile kile na kutaraji mavuno tofauti?

Walikuwepo pia wapatanishi, kama wanavyokuwepo katika kila ugomvi, waliouliza kwa nini klabu isingetoa wachezaji wadogo na kumbakisha DeRozan. Hoja hiyo huvutia mpaka mtu asome kanuni. Kwa klabu ambazo tayari zimevuka kiwango cha mishahara kilichowekwa, ligi hudai kwamba mishahara ya pande mbili zinazobadilishana ikaribiane. Leonard alilipwa kiasi cha dola milioni 20 kwa mwaka, na kuufikia mshahara huo kwa vijana wanaolipwa milioni moja au mbili kungewamaliza vijana wote. Miongoni mwa vijana hao alikuwa Pascal Siakam wa Kamerun, aliyechaguliwa wa 27 mwaka 2016. Fauka ya hayo, San Antonio nayo ilikuwa ikimwachilia nyota, na si jambo la busara kudhani kwamba mwenye ng'ombe atakubali kulipwa kwa vifaranga.

Nimezifuata hoja hizi kwa muda mrefu, na kama ningekuwa mwalimu wa mdahalo ningewasimamisha wasemaji wote wawili kwa kosa moja. Hawakuwa wakijibu swali moja. Kambi ya pili iliulizwa kama uamuzi ule una busara, ikajibu vizuri. Kambi ya kwanza iliulizwa kama uamuzi ule una haki, nayo ikajibu vizuri. Kisha kila upande ukachukua jibu lake ukalitumia kuliangusha jibu la swali la mwenzake. Ndiyo maana watu wenye akili timamu waliweza kubishana mwaka mzima pasipo mmoja wao kusogea hata hatua moja.

Matokeo yalipokuja, kambi ya pili ilidhani imeshinda kesi. Mnamo Juni 13, 2019, Raptors waliwashinda Golden State Warriors 114-110 mjini Oakland, wakatwaa ubingwa kwa mechi nne dhidi ya mbili. Haikuwahi kutokea kabla ya hapo timu iliyo nje ya Marekani kutwaa taji hilo. Leonard alichaguliwa mchezaji bora wa fainali. Siakam na Serge Ibaka wa Kongo walikuwa kikosini, na Ujiri akawa Mwafrika aliyelijenga jumba ambalo wenyeji walisema halijengeki. Ningekuwa mnafiki nikisema sikufurahi.

Hata hivyo, mwanafunzi wa mantiki aitazame njia iliyowafikisha pale. Mnamo Mei 12, 2019, katika mechi ya saba dhidi ya Philadelphia, timu zikiwa sare 90-90, Leonard alirusha mpira kutoka pembeni mwa uwanja juu ya mikono ya Joel Embiid. Mpira uligonga pete ya kikapu, ukaruka, ukagonga mara ya pili, ya tatu, ya nne, king'ora kimekwisha kulia na uwanja mzima umenyamaza, kisha ukaingia. Laiti ungedondokea nje, mechi ingeongezwa dakika tano, na Mungu ndiye ajuaye yangekuwaje. Kwenye fainali nako Kevin Durant wa Warriors aliumia kisigino katika mechi ya tano, na Klay Thompson akaumia goti katika ya sita. Je, uamuzi wa Julai 2018 ulikuwa wa busara zaidi kwa sababu mpira ulidunda kwa ndani? Uamuzi hupimwa kwa yale aliyeuamua aliyoyajua siku ile. Kwa kipimo hicho mimi naona Ujiri aliona sawasawa: nafasi ilikuwa imefunguka, haingedumu, na mchezaji wa daraja la Leonard hapatikani kila mwaka. Ningesema vivyo hivyo hata kama Philadelphia ingeshinda, na anayesema hivyo leo ajiulize kama angalithubutu kusema.

Lakini haki? Hapo nasimama na kambi ya kwanza, ingawa si kwa sababu zake zote. Sidai kwamba klabu ilikuwa na wajibu wa kumweka DeRozan hadi uzeeni. Mkataba ni mkataba, na alilipwa vizuri kuliko walimu wote wa wilaya yangu kwa pamoja. Kosa lilikuwa katika neno. DeRozan alisema kwamba siku chache tu kabla ya kubadilishwa alikuwa amehakikishiwa kuwa haendi popote. Ujiri mwenyewe, katika mkutano wake na waandishi wa habari Julai 20, alimwomba radhi hadharani, akieleza kwamba walikuwa hawakuelewana katika mazungumzo yao. Wapo wanaocheka kwamba mtu wa dola milioni 139 hana haki ya kulalama. Mimi siwaelewi. Je, ukimlipa mtu vizuri umenunua pia ruhusa ya kumwambia lisilo kweli?

Swali hili haliko Toronto peke yake. Walimu wa michezo wanaosoma ukurasa huu wanajua jinsi mwanafunzi mrefu mwenye mikono myepesi anavyofuatwa shule za pili likizo inapofika, jinsi karo yake inavyosamehewa ghafla, na jinsi yule aliyecheza nafasi hiyo tangu kidato cha kwanza anavyojikuta akibeba maji ya wenzake. Nilipata kuiona timu ya shule moja ikishangilia kombe huku nahodha wake wa mwaka uliopita amekaa ukutani na sare zake za kawaida. Hakuna aliyekuwa amemweleza lolote. Aliisoma tu orodha ubaoni asubuhi. Kombe lilikuwa halali. Mwalimu wake hakuvunja kanuni yoyote.

Turudi Kanada. Yale ambayo kambi ya kwanza ilitabiri nayo yalitimia, tena upesi. Mnamo Julai 2019, wiki chache tu baada ya maandamano ya ushindi yaliyojaza barabara za Toronto, Leonard aliamua kwenda Los Angeles Clippers. Hakumdanganya mtu, alikuja kwa mwaka mmoja, akafanya kazi ya mwaka mmoja. Kyle Lowry, rafiki mkubwa wa DeRozan, aliondoka mwaka 2021. Siakam alipelekwa Indiana mwaka 2024, na Juni 2025 klabu ikaachana na Ujiri mwenyewe. Wengi wa walioamua na walioamuliwa katika kisa hiki waliondoka Toronto, lakini mashabiki walibaki, na labda ndio maana ubishi umebaki nao.

Nimeuacha usiku mmoja kwa makusudi, kwa kuwa ndio unaonisumbua zaidi. Ni usiku wa Februari 22, 2019, wakati ubingwa ulikuwa bado ndoto. DeRozan alirudi Toronto kwa mara ya kwanza akiwa amevaa jezi ya San Antonio. Klabu ilionyesha picha za miaka yake tisa kwenye skrini kubwa, na maelfu waliojaa uwanjani walisimama wakampigia makofi muda mrefu. Palikuwa na watu wazima waliolia. Mechi ikachezwa, ikawa ngumu, ikafikia sekunde za mwisho San Antonio ikiongoza kwa pointi moja, na mpira uko mikononi mwa DeRozan. Leonard akamkaribia, akaunyakua mpira ule kutoka mikononi mwake, akakimbia peke yake hadi upande wa pili na kuushindilia kikapuni. Toronto ilishinda 120-117.

Watu wale wale waliokuwa wamesimama kwa ajili ya DeRozan walisimama tena, wakapiga kelele mpaka sauti zikawakauka. DeRozan alikuwa amebaki kule nyuma, karibu na pale alipoupoteza mpira.