Kalamu Inapokataa Kuandika

Mwezi huu hatuzungumzii malaria wala kuhara. Tunazungumzia shida isiyo na homa, lakini inayowakosesha watu usingizi. Nayo ni kukwama kwa mawazo.

Huku kwetu Nkende, sisi tunaotunga nyimbo za kwaya tunaifahamu. Sikukuu inakaribia, waimbaji wanasubiri, na karatasi bado nyeupe. Unaandika mstari, unaufuta. Unaandika mwingine, unauchana. Fundi cherehani aliyeombwa kubuni mshono mpya wa sare naye hukaa na kitambaa mezani, mkasi mkononi, asijue aanzie wapi. Ndipo maneno huanza: "Amerogwa," au, "Kipaji chake kimekwisha." Wengine hukimbilia gongo ili wafungue kichwa.

Tuseme wazi: huu si uchawi, na pombe haifungui kitu. Huharibu usingizi, na kesho yake kichwa huwa kizito kuliko jana. Wala kipaji hakijakwisha. Mpiga litungu nyuzi zake nane zikilegea hakitupi chombo, hukaa akazikaza.

Sababu zake

Mara nyingi sababu ni mbili, uchovu na woga. Mtu aliyelima tangu alfajiri akaketi kutunga usiku wa manane, akili yake imekwisha choka. Woga nao humfanya atake mstari wa kwanza uwe mzuri kabisa. Kutunga ni kazi moja na kukosoa ni nyingine. Ukizifanya kwa pamoja, ya pili huiua ya kwanza.

Tufanye nini?

Kwanza, tulale. Mtu mzima anahitaji usingizi wa saa 7 au zaidi kila usiku.

Pili, tukubali kuandika vibaya. Jiwekee dakika 20 za kuandika bila kufuta neno. Kusahihisha ni kazi ya kesho.

Tatu, tutembee. Mwaka 2014 wataalamu wawili wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, Marily Oppezzo na Daniel Schwartz, walitangaza matokeo ya majaribio yao. Wengi walitoa mawazo mapya zaidi walipotembea kuliko walipokaa, hata waliotembea kwenye mashine chumbani huku wakitazama ukuta mtupu. Sisi hatuhitaji mashine, vilima vyetu vinatosha.

Nne, tuulize watu. Ngũgĩ wa Thiong'o, mwandishi wa Kenya aliyefariki mwaka 2025, alikamatwa mwishoni mwa 1977 akawekwa kizuizini bila kushtakiwa hadi Desemba 1978. Katika gereza la Kamiti aliandika riwaya nzima kwa lugha yake ya Kikikuyu, juu ya karatasi za chooni. Hakujifungia na mawazo yake peke yake. Aliwauliza wenzake waliozuiliwa, na hata askari magereza, maneno na methali. Wewe unaye bibi hapo nyumbani. Je, umekwisha kumwuliza?

Tusipuuze dalili

Ipo hali nyingine inayofanana na hii lakini ni nzito zaidi. Mtu akikaa wiki 2 au zaidi akiwa na huzuni, hapati usingizi, hana hamu ya kula, anawakwepa watu, au anasema maisha hayana maana, huenda ana sonona. Huo ni ugonjwa kama magonjwa mengine, na unatibika. Tumpeleke zahanati au hospitali ya Tarime mapema. Akisema anataka kufa, tusingoje hizo wiki 2. Tumpeleke siku hiyo hiyo na tusimwache peke yake. Wala tusimcheke kwa kumwita mvivu.

Basi, wewe mwenye wimbo usiokwisha, leo ulale mapema. Kesho andika mistari mitatu, hata kama ni mibaya. Wa nne utaujua ukiwa njiani kwenda kisimani.